Bata Wanaokula Chini

Bata wa kwanza aliletwa na Mama Limi, akiwa amefungwa ndani ya kanga kuukuu, asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1952. Pantaleo alikuwa kwenye josho anakoroga dawa kwa mti mrefu. Mama Limi alisimama nje ya uzio, akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha akaweka furushi lake juu ya jiwe na kulifungua.

Alitaka kujua kama bata yule analiwa. Alikuwa amemwokota kando ya lambo, pamoja na mwingine, siku ya Jumamosi. Yule mwingine alimtumbua ampike, akamtupia paka utumbo. Kabla chungu hakijachemka paka alikuwa anazunguka uani kama mlevi, na jioni akafa. Mama Limi akamwaga chungu kizima shimoni. Mumewe, Jilala, alimwambia paka hufa siku zote, si ajabu. Lakini yeye hakuridhika, akaja kwa mtu wa serikali.

Pantaleo hakuwa mtu mkubwa wa serikali. Alikuwa msaidizi wa mifugo na mtunza josho, Msumbwa wa Runzewe, aliyepangiwa kazi katika kijiji kile kilichokuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Rwamgasa. Lakini kuhusu ndege Mama Limi alikuwa amefika kwa mtu hasa, ingawa hakujua. Wakati wa vita Pantaleo alikaa Shinyanga miaka sita, akimtumikia Mzungu mmoja aliyechunguza mbung'o siku za kazi na kukusanya ndege siku za Jumapili. Kazi ya Pantaleo ilikuwa kuwachuna ndege wale, kuwapaka sabuni yenye sumu ili wadudu wasiwale, kuwajaza pamba na kuwafunga kikaratasi mguuni. Yule Mzungu alimfundisha kuanza na miguu, kisha mabawa, kisha mkia, na kuiacha rangi ya manyoya mwisho, kwa sababu rangi hubadilika kwa majira.

Basi alianza na miguu. Ilikuwa imeota nyuma sana, karibu na mkia, na kidole kidogo cha nyuma kilikuwa na kipande cha ngozi kilichotandazika kama jani. Alikunjua bawa: kahawia tupu, halina kile kioo cha kijani, baka linalong'aa, ambacho bata wengi wadogo wanacho. Mkia ulikuwa mgumu, manyoya yake kama njiti za ufagio. Kichwani alikuwa na kofia nyeusi, na chini ya jicho mstari mweupe uliokata shavu. Mdomo ulikuwa mpana, wa kijivu chenye ubuluu kidogo, na ndani yake kumejaa tope.

"Huyu ni mzamiaji, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Jike. Huyu hali juu ya maji. Anakwenda chini kabisa."

Mama Limi akasema hilo analijua, amewaona miaka yote wakizama kwenye lambo. Alichouliza ni kama wanaliwa.

Pantaleo akamwambia asile, na awaambie wenzake wasile. Halafu akampasua yule bata mbele yake, akaifungua firigisi. Ndani mlikuwa na funza wekundu wachache, na vilivyobaki vyote vilikuwa tope la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Mama Limi alilishika kwa vidole viwili. Tope la kijijini pale lilikuwa jeusi, na wote wawili walijua la kijivu linatoka wapi.

Juu ya kijiji, upande wa kilima, palikuwa na mgodi wa kampuni. Mawe yalisagwa usiku na mchana, yakaoshwa kwa dawa, dhahabu ikatolewa, na uji uliobaki ukamwagwa katika bwawa lililozungushiwa ukuta wa udongo. Mwaka juzi, wakati wa masika, ukuta ule ulimomonyoka upande mmoja. Ulizibwa baada ya wiki mbili, lakini tangu hapo kijito chembamba cha kijivu kiliteremka hadi kwenye lambo la kijiji. Watu walilalamika kidogo, kisha wakazoea, kwa sababu maji ya lambo yalibaki maangavu. Tope lilituama chini.

Pantaleo alikwenda kwenye lambo siku tatu mfululizo, kila alipomaliza kuogesha ng'ombe. Mama Limi alimfuata, akikaa kando anasuka ukili. Palikuwa na bata wa kila namna. Wale wenye shingo ndefu wanaopiga mbinja walisimama kwenye maji mafupi wakila mbegu za nyasi, wazima kabisa. Mabata makubwa ya kahawia yalikula nyasi ukingoni kama kondoo. Wazamiaji walikuwa katikati, kumi na wanne, wamekaa chini majini hata migongo yao ikaonekana kama magogo, mikia imelala juu ya maji. Dume mmoja tu alikuwa amevaa rangi zake za kuoana: mwili mwekundu kama udongo wa kichuguu, kichwa cheusi, mdomo wa buluu. Alijaza shingo hewa na kuwafukuza wenzake. Wengine wote walikuwa wa kahawia.

Walizama bila kelele. Pantaleo alihesabu kimoyomoyo, kumi na nane, ishirini na mbili, ndipo wanaibuka palepale au hatua chache mbele, mdomo ukitiririka tope. Walipumzika kidogo, wakazama tena. Mama Limi akamweleza jambo ambalo hata yule Mzungu wa Shinyanga hakuwahi kulitaja: kwamba bata hawa hutumia mdomo kama wanawake watumiavyo chekeche, wanachota tope, wanalichuja, funza wanabaki.

Siku ya pili waliona mmoja akifa. Alianza kuzunguka mahali pamoja, shingo imelegea upande. Alijaribu kuzama akashindwa, kichwa kikaingia na mkia ukabaki juu. Kisha akatulia.

Siku ya tatu Pantaleo alikuja na debe tupu. Alifikiri akiwafukuza watakwenda mahali pengine, hata kama ni kwenye ziwa. Alipiga debe, Mama Limi akapunga kanga na kurusha madongoa. Bata wa mbinja waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka angani, wakaelekea magharibi. Mabata makubwa yakafuata. Wazamiaji hawakuruka. Walididimia polepole, kwanza mgongo, halafu shingo, halafu kichwa, kama kitu kinachovutwa kutoka chini. Walipoibuka, midomo ilikuwa imejaa tope. Kila debe lilipolia walishuka tena. Kulikuwa na jike mmoja mwenye vifaranga watano, nao walishuka pamoja na mama yao.

Mama Limi aliacha kurusha. Pantaleo naye akaweka debe chini, wakasimama wakiwatazama wale bata wakitoka na kurudi chini.

Aliandika barua mbili. Moja aliipeleka kwa ofisa aliyekuwa juu yake, mjini. Alieleza kwamba bata wanaokufa ni wa jamii moja tu, wale wanaokula chini. Kwamba hawa ni ushahidi kuwa sumu iko katika tope. Kwamba kiangazi kikikaza maji yatapungua, na ng'ombe watakunywa walipokula bata. Ya pili aliipeleka kwenye nyumba ya makumbusho, kwa anwani aliyoikariri tangu Shinyanga, pamoja na ngozi ya jike aliyoichuna vizuri kuliko zote alizowahi kuchuna, kwa sabuni iliyokuwa imebaki katika sanduku lake.

Ofisa alikuja baada ya wiki tatu, ndani ya Landrova, pamoja na bwana mmoja wa maabara ya mgodi. Walikuwa watu wa adabu. Mwanangwa Maganga, mkuu wa kijiji, aliwapa viti. Pantaleo alileta bata wawili aliowaokota asubuhi ileile. Ofisa alikuwa na kitabu cha ndege, akakifungua magotini, akatazama kofia nyeusi, shavu lenye weupe, mdomo wenye ubuluu, udogo wa mwili. Akageuza kurasa mbili, tatu, akaweka kidole juu ya picha. Alisema ni bata mdogo wa kofia, wa kawaida kabisa, anapatikana kila dimbwi, na chakula chake ni mbegu za juu ya maji.

Pantaleo aliinama, akanyoosha bawa la bata, akamwomba atazame, kwani yule wa kitabuni ana kioo cha kijani na huyu hana. Akamwonyesha mkia. Akamwonyesha kidole cha nyuma. Ofisa alitazama kwa muda, akasema manyoya ya ndege aliyekufa hubadilika, na maji huharibu ngozi ya miguu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemaliza jambo.

Yule bwana wa maabara alikwenda ukingoni na chupa yake, akaizamisha kina cha kiganja kimoja, akaifunga. Maji yalikuwa maangavu.

"Naomba uchukue na ya chini, bwana," Pantaleo alisema. "Hata kikombe kimoja cha tope."

"Watu wanakunywa ya juu," yule bwana akajibu. "Tunapima yanayonywewa."

Majibu yalikuja mwanzoni mwa Septemba. Maji ni safi. Bata wa juu ya maji wanaokufa kwa wingi, wakizunguka na kupinda shingo, wanaonyesha dalili za kideri, ugonjwa wa kuku. Ili ugonjwa usienee, kuku wote wa kijiji wauawe na kuchomwa, na kazi hiyo isimamiwe na msaidizi wa mifugo aliyepo.

Pantaleo aliisoma karatasi ile mara tatu akitafuta mahali pa kupenya. Alikwenda kwa mwanangwa Maganga, akamwambia kuku hawana ugonjwa. Maganga akamuuliza kama karatasi ina muhuri. Ina muhuri, Pantaleo akasema.

Alianza na nyumba za upande wa josho, akifuatana na tarishi wa baraza. Watu walitoa kuku wao bila kupigana, ila hawakumwitikia salamu. Alipofika kwa Jilala, Mama Limi alikuwa ameshawakusanya ndani ya tenga, kuku kumi na mmoja na jogoo, akiwa amekaa karibu nao.

"Wewe unajua kwamba si kideri," alisema.

"Najua, mayu."

"Basi mbona umeshika kisu?"

Alimwambia kwamba asipofanya yeye watakuja askari, na askari hawatachagua kati ya kuku na mbuzi. Alisema kweli, lakini alipoisikia ikitoka kinywani mwake aliona haimtoshi hata mwenyewe. Mama Limi akafungua tenga. Alimkabidhi mmoja mmoja, akiwashika miguu wasimrukeruke, mpaka wakaisha. Jilala alikuwa amekaa kizingitini amewapa mgongo.

Moshi wa manyoya ulikaa kijijini siku mbili. Baada ya hapo, Pantaleo akipita njiani wanawake walihamia upande wa pili. Ng'ombe walioletwa kwenye josho walipungua. Watu walisema yeye ndiye aliyewaita Wazungu kwa barua, na hilo lilikuwa kweli. Kwenye lambo wazamiaji walikuwa wamebaki watatu, kisha mmoja, kisha hapakuwa na hata mmoja.

Oktoba jua lilikaza. Maji ya lambo yalirudi nyuma kila siku, yakiacha ukanda wa kijivu uliopasukapasuka. Ng'ombe walivuka ukanda ule wakizama hadi magotini, wakanywa katika vidimbwi vilivyokuwa vizito kama togwa. Pantaleo alikwenda tena kwa mwanangwa, akaomba lambo lizungushiwe miiba. Maganga alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza ng'ombe mia nne watanyweshwa wapi. Kulikuwa na visima vya mchangani katika mto mkavu, mwendo wa nusu siku, navyo vilitosha watu wa kule kwa shida. Pantaleo alikuwa na ukweli tu, na ukweli wake haukuwa na maji.

Akapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimwacha asimame uani bila kumpa kigoda. Jilala alimsikiliza, kwa sababu mkewe alimshika mkono.

"Ulikuja kwa kuku," Jilala alimwambia. "Sasa unakuja kwa ng'ombe. Mwaka kesho utakuja kwa nini?"

Mama Limi alichukua mbuzi wake wanne, waliokuwa mali yake mwenyewe, akawaswaga hadi visimani na kulala huko kwa shangazi yake. Ng'ombe walikuwa wa Jilala, na Jilala aliwapeleka lamboni.

Walianza kufa katika wiki ya mwisho ya mwezi. Pantaleo aliitwa wakati saba wa Jilala walikuwa tayari wamelala. Waliharisha maji yenye damu, wakatetemeka, wakajaribu kusimama kwa miguu ya mbele. Alizijua dalili zile. Kila mtunza josho alizijua, kwa kuwa dawa ya josho ilikuwa aseniki, na alifundishwa siku ya kwanza kabisa kinachotokea ng'ombe akiinywa. Mawe ya mgodi yalikuwa na aseniki yao yenyewe, iliyosagwa na kuoshwa na kuteremka pamoja na tope. Aliwapa maji ya mkaa, aliwapa maziwa, akakaa na mmoja aliyekuwa mdogo, ndama jike mwenye baka usoni, akimshikilia kichwa kisigonge ardhi. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Kijiji kizima kilipoteza ng'ombe sitini na wawili.

Safari hii aliandika kwa uangalifu. Alikata vipande vya maini, akavifunga katika chupa, akaomba vipimwe aseniki. Aliamini kwamba sasa hawana pa kukwepea.

Vilipimwa. Aseniki ilipatikana, nyingi. Ofisa alikuja mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye josho, akauliza nani anachanganya dawa na kipimo kiko wapi. Pantaleo akamwonyesha kikombe cha kupimia na daftari la kila wiki. Akamwambia kwamba ng'ombe wengi waliokufa hawakuwa wameogeshwa tangu Septemba, wenyewe wamegoma kuwaleta. Ofisa akawauliza wenye ng'ombe kama mifugo yao ilipita kwenye josho mwaka ule. Wote wakasema ndiyo, ilipita. Hawakuulizwa mwezi gani, nao hawakujitolea kumsaidia mtu aliyechinja kuku wao. Mama Limi alisimama nyuma ya wanaume, akasema kwa Kisukuma kwamba bata walikufa kabla ya ng'ombe, na bata hawaogeshwi. Mkalimani akatafsiri kwamba mama huyu anazungumza habari za bata. Ofisa akatikisa kichwa kwa upole, akafunga josho kwa kufuli.

Pantaleo alisimamishwa kazi siku hiyo, na kabla ya Krismasi akaachishwa.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Ziliosha ukanda wa kijivu, zikajaza lambo hadi kwenye matete, maji yakawa maangavu tena.

Barua ya makumbusho ilifika Januari, imezungukia ofisini mjini. Karani, kijana wa Kihaya aliyeitwa Eustace, alimtunzia Pantaleo mezani mwake. Ilikuwa na ukurasa mmoja uliopigwa taipu. Mtaalamu aliandika kwamba ngozi imechunwa kwa ustadi, na kwamba Bwana Pantaleo hakukosea: ni yule mzamiaji wa mkia mgumu, anayekula funza wa chini ya maji kwa kuchuja tope, asiyependa kuruka, ambaye habari zake kutoka sehemu zile za nchi ni chache sana. Angeshukuru kupata ngozi mbili zaidi, na ikiwezekana dume mwenye rangi kamili. Kuhusu sumu hakuandika neno, ingawa Pantaleo alikuwa ameieleza katika aya nzima.

Alimwomba Eustace aiweke katika faili, pamoja na taarifa ya ng'ombe. Eustace alimwambia ukweli, kwamba faili limefungwa, na yule ofisa yuko likizo Ulaya, akirudi atapangiwa jimbo jingine. Hata hivyo alilitoa kabatini, akatoboa karatasi ile matundu mawili, akaiingiza juu ya nyingine zote, akalifunga kamba. Pantaleo alimshukuru.

Kabla ya kurudi Runzewe alipita kijijini kuchukua sanduku lake. Mama Limi alikuwa shambani anapalilia karanga, peke yake. Jilala alikuwa amekwenda Kagongwa kwa kaka yake, kuomba mtamba wa kuanzia upya. Pantaleo akamwamkia kwa heshima, akamwambia habari za barua, kwamba watu wanaojua ndege wamekubali kuwa bata wale ni wazamiaji, wanakula chini.

"Tuliwaambia hivyo Agosti," Mama Limi alisema.

"Ndiyo, mayu."

Alitua jembe, akamletea kibuyu cha maji ya kunywa kutoka kwenye mtungi uliokuwa kivulini. Yalikuwa ya lambo, kwani hapakuwa na mengine. Pantaleo aliyatazama, akayanywa, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba majike wawili wa wazamiaji wamerudi, amewaona alipopita, wanatengeneza viota kwenye matete.

Mama Limi alitazama upande wa lambo, akamuuliza maji yataanza kupungua mwezi gani.

"Julai," Pantaleo akasema. "Agosti, mvua ikichelewa kuisha."

Mama Limi akahesabu miezi kwa vidole, bila haraka, kisha akaokota jembe na kurudi kwenye mstari wake wa karanga. Pantaleo akajitwisha sanduku, akashika njia ya Runzewe.